Dokezo Lako Halikai Kwenye Ukurasa: Kuelewa Programu za Kuandika Pambizoni mwa Mtandao

Mwalimu mmoja wa sekondari mjini Mombasa alinipigia simu wakati Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipokuwa ukijadiliwa kila pembe ya Kenya, akiwa na wasiwasi ambao mwanzoni niliuona wa kuchekesha na baadaye nikauona kuwa wa haki kabisa. Alikuwa ameufungua mswada huo katika tovuti ya Bunge, akawasha programu ya kuandikia pembeni mwa kurasa aliyofundishwa katika semina, akapaka rangi ya njano kifungu kimoja, na kando yake akaandika: "Hapa ndipo bei ya mkate inapopanda." Sentensi yake ikakaa pale pale mbele ya macho yake, ubavuni mwa maneno ya serikali. "Mwanangu," aliniuliza, "nimeandika kwenye waraka wa Bunge. Nitayafutaje maneno yangu kabla hawajayaona?"

Hakuwa ameandika kwenye waraka wa Bunge, wala hakuwa ameubadilisha hata herufi moja. Lakini sikumlaumu kwa kudhani hivyo, kwa sababu ndivyo skrini ilivyomwonyesha, na nimekutana na wengi waliopotezwa na sura hiyo hiyo: mwandishi wa habari anayedhani kwamba tovuti aliyoikosoa inaweza kulifuta dokezo lake, mwanafunzi anayedhani kwamba kila afunguaye ukurasa ataona alichoandika, na mwenye blogu anayedhani kwamba watu wameingia nyumbani kwake bila hodi. Makosa haya yote yanatoka katika shina moja, nalo ni kutojua mahali dokezo linapokaa.

Tuyaweke sawa maneno kwanza. Dokezo, katika makala hii, ni maandishi mafupi ambayo msomaji anayafunga na sehemu mahususi ya ukurasa wa mtandaoni, iwe neno, sentensi au aya nzima. Ule umahususi ndio unaolitenga dokezo na maoni yanayorundikwa chini ya habari, kwa kuwa maoni husema "habari hii ina kasoro" ilhali dokezo husema "kasoro ipo hapa, katika maneno haya matano". Kuangazia ni kupaka rangi bila kuandika kitu. Alamisho ni anwani ya ukurasa uliyoihifadhi ili uurudie baadaye, pengine ukiwashirikisha wenzako. Kiendelezi ni programu ndogo inayopandikizwa katika kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, ili kukiongezea uwezo ambao hakikuzaliwa nao, na programu nyingi za madokezo huja kwa sura hiyo.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Aliyewahi kukaa darsani msikitini anavifahamu vitabu vya Kiarabu vya chapa ya zamani, ambavyo matini huwa katikati na sharhi ikaizunguka pambizoni, na anajua kwamba mwanafunzi makini huongeza ya kwake kwa kalamu kadiri sheikh anavyoeleza. Hashia ni jina la ule ukingo wa ukurasa na pia la maelezo yanayoandikwa humo. Aliyesoma shule ya kawaida naye anakikumbuka kitabu cha fasihi kilichopita mikononi mwa vidato kadhaa, ambacho majibu ya maswali yalikuwa yameshaandikwa kwa penseli na mtu asiyejulikana, mengine yakiwa si sahihi. Kusoma pamoja na watu usiowaona ni desturi kongwe kuliko umeme.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa, na hapo ndipo mwalimu wangu alipoteleza. Katika kitabu, wino umeingia katika karatasi: mwenye kitabu ndiye mwenye maelezo, na akikichoma vyote viwili vinateketea. Katika mtandao, mambo yamekaa kinyume. Kumbuka somo la jiografia na ile karatasi nyembamba ya kunakilia ramani, inayoonyesha kilicho chini yake. Unaitandaza juu ya ramani, unachora mito na miji, na ukiitazama kutoka juu huwezi kutofautisha mistari yako na ya ramani. Ukiiinua, ramani iko safi kama ilivyochapishwa, na michoro yako umeishika mkononi. Dokezo la mtandaoni ni mchoro wa karatasi hiyo ya juu. Ukurasa umo katika kompyuta ya mwenye tovuti. Dokezo limo katika seva, yaani kompyuta ya kutunzia data, ya kampuni au shirika linaloendesha programu ya madokezo. Na vyote viwili vinakutana kwa mara ya kwanza katika kivinjari chako.

Kinachotokea ni hiki. Unapofungua ukurasa huku kiendelezi kikiwa kimewashwa, kiendelezi kinaichukua anwani ya ukurasa ule na kuiuliza seva yake kama ina madokezo yoyote ya anwani hiyo. Seva inaangalia wewe ni nani, inachambua madokezo unayoruhusiwa kuyaona, inayatuma, na kivinjari kinayatandaza juu ya maandishi. Mwenye tovuti hahusishwi katika mazungumzo hayo. Ndiyo maana hawezi kulifuta dokezo lako, na kwa sababu hiyo hiyo mpita njia asiye na programu ile ile haoni chochote. Yule mwandishi wa habari na yule mwanafunzi wamejibiwa kwa pamoja. Mwenye blogu tutamrudia, kwa maana kesi yake ni ngumu zaidi.

Wapo watakaouliza: mbona katika Google Docs mwenye waraka anaweza kuyaondoa maoni yangu? Kwa sababu pale hakuna karatasi ya juu. Waraka na maoni vimo katika ghala moja, na mwenye waraka ndiye mwenye funguo. Vivyo hivyo, ukifungua PDF kwa programu ya kawaida ya kusomea, ukaipaka rangi na kuihifadhi, rangi hiyo inaingia ndani ya faili na kusafiri nayo kila utakapoituma. Hizi ni njia nzuri kwa kazi ya ofisini, lakini zinahitaji uwe na waraka wako au uruhusiwe kuugusa. Programu ninazozieleza hapa zilibuniwa kwa ajili ya kurasa ambazo si zako, na ambazo mwenyewe hakuombwa ruhusa.

Swali linalofuata ni la kiufundi, lakini nalipenda, na sitalipita haraka. Ikiwa dokezo limekaa mbali, linajuaje pa kutua? Fikiria unamwelekeza mgeni nyumba katika mtaa wetu usio na namba milangoni. Unaweza kumwambia: "Ingia uchochoro wa tatu, nyumba ya pili kushoto." Unaweza kumwambia: "Hesabu hatua 400 kutoka kituo cha daladala." Au unaweza kumwambia: "Ni nyumba yenye mlango wa kijani, baada ya duka la dawa na kabla ya kinyozi." Maelekezo ya kwanza yanavunjika uchochoro mmoja ukizibwa. Ya pili yanavunjika kituo kikihamishwa. Ya tatu yanadumu zaidi, kwa kuwa hata mtaa ukipanuliwa, mgeni anaweza kuutafuta mlango wa kijani wenye majirani wale wale.

Programu nzuri hulihifadhi dokezo pamoja na maelekezo yote matatu: njia ya kupitia muundo wa ukurasa, hesabu ya herufi tangu mwanzo wa maandishi, na nukuu yenyewe pamoja na majirani zake. Hypothesis, ambayo ni mojawapo ya programu maarufu katika kazi hii, huweka herufi 32 za kabla ya nukuu na herufi 32 za baada yake. Ukurasa ukifunguliwa tena, programu inajaribu njia ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu, na kila ifikapo mahali inaulinganisha mlango na maelezo: je, maneno yaliyopo hapa ndiyo yale niliyohifadhi? Mhariri akiwa amerekebisha kosa la tahajia katikati, inakubali mfanano wa karibu. Sentensi nzima ikiwa imeondolewa, dokezo halifutiki. Linawekwa kando katika orodha ya madokezo yaliyokosa pa kushika, ambayo wenye fani huyaita yatima. Maneno uliyoyanukuu bado yanaonekana katika dokezo lako hata kama mwenye tovuti ameyafuta kimyakimya, na kwa wanaofuatilia viongozi wanaobadilisha taarifa zao usiku, huo si uwezo mdogo.

Hapa ndipo dokezo linapoachana na picha ya skrini, ambayo kwa sasa ndiyo chombo chetu kikuu cha kusambaziana habari. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitufundisha somo hili kwa gharama. Ulipochapishwa mwezi Mei, ulipendekeza, pamoja na mengine, mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na magari yatozwe ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani yake. Vifungu hivyo vilipigwa picha, vikazungushiwa duara jekundu na kurushwa katika makundi ya WhatsApp. Tarehe 18 Juni, Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa ilitangaza kwamba inaviondoa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, na siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada. Sasa chukua picha ya kifungu cha mkate iliyopigwa mwezi Mei. Haijui kilichotokea tarehe 18 Juni, haionyeshi kifungu cha juu yake wala cha chini yake, na anayeipokea katika kundi la familia hana njia ya kurudi kwenye waraka ili ajisomee. Picha ya skrini ni kipande cha nguo kilichokatwa. Huwezi kujua gauni lilikuwa la urefu gani.

Dokezo halina dawa ya kila uongo, maana mtu anaweza kuandika upotoshaji pambizoni kama anavyoweza kuuandika popote. Lakini anayelisoma analisoma mbele ya ushahidi wake, kifungu kizima kikiwa kimefunguka, na anaweza kujibu chini yake pale pale. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ile rangi ya njano ni urembo tu.

Tusichanganye dokezo na kiungo kinachoangaza maandishi. Tangu mwaka 2020 Chrome imekuwa na uwezo wa kufungua aina ya anwani ambayo inakupeleka moja kwa moja hadi sentensi fulani na kuipaka rangi; Firefox ilikuja kuukubali mtindo huo mwaka 2024. Unaitambua anwani hiyo kwa mkia wake wenye alama ya reli, nukta mbili na kiwimbi (#:~:). Hapa hakuna seva ya tatu wala akaunti: maneno ya kutafutwa yameandikwa ndani ya anwani yenyewe, na kivinjari kinayatafuta kikifika. Ni kidole kinachoelekeza, si kalamu. Kwa mtu anayetaka tu kumwonyesha mwenzake aya ya saba ya habari ndefu, inatosha kabisa, na ningependa kuona watu wakiitumia badala ya picha za skrini.

Historia ya zana hizi inashangaza kwa jinsi ilivyojaa makaburi. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina walikuwa wakitengeneza Mosaic, kivinjari kilichouleta wavuti kwa watu wa kawaida. Katika matoleo ya mwanzo waliweka uwezo wa kikundi kuandikiana maelezo juu ya ukurasa wowote, kisha wakauondoa, kwa kuwa ulihitaji seva ya kuyatunza maelezo ya watu wote na hawakuwa na uwezo wa kuiendesha. Kwa maneno mengine, pambizo ilikuwamo katika mtandao tangu utotoni, ikakatwa kwa kukosa ghala. Tulibaki na kurasa ambazo mwenye tovuti anasema na msomaji anasoma, na sanduku la maoni likaja baadaye kama baraza la nje, ambalo mwenye nyumba analifungua na kulifunga apendavyo.

Mwaka 1999 kampuni ya Third Voice ilijaribu kuirudisha pambizo kwa programu iliyobandika vijikaratasi juu ya tovuti yoyote. Wenye tovuti walikasirika, wakaanzisha kampeni ya kuipinga na kuifananisha na wahuni wanaochora kuta za watu. Mwaka 2001 ikafungwa. Google nayo ilikuja na Sidewiki mwezi Septemba 2009, jopo la pembeni ambamo yeyote angeweza kutoa maelezo juu ya ukurasa wowote, na mwishoni mwa mwaka 2011 ikaizima. Kama Google, yenye seva zisizohesabika, ilishindwa, basi tatizo la pili halikuwa ghala. Lilikuwa ni watu: bila wasomaji wa kutosha pambizo huwa tupu, na wakijaa bila utaratibu huwa jalala.

Sasa tumrudie mwenye blogu. Genius, tovuti iliyoanza mwaka 2009 kwa kufafanua mashairi ya rap mstari kwa mstari, baadaye ilitoa njia ya kufafanua ukurasa wowote wa mtandao kwa kutanguliza anwani yake mbele ya anwani ya ukurasa. Mwaka 2016 mwandishi mmoja wa Marekani, aliyekuwa akiandika katika blogu yake mambo ya maisha yake binafsi, alilalamika kwamba maandishi yake yalikuwa yakichambuliwa na kukejeliwa sentensi kwa sentensi bila yeye kuwa na namna ya kukataa. Mbunge Katherine Clark wa Massachusetts aliiandikia kampuni hiyo akiitaka ieleze inavyowalinda watu dhidi ya unyanyasaji, na Genius ikaahidi kitufe cha kuripoti. Miaka mitatu baadaye, mtandao wa kijamii wa Gab ulitoa Dissenter, iliyojitangaza kuwa sehemu ya maoni ya mtandao mzima isiyoweza kufungwa na mwenye tovuti. Mozilla, wenye Firefox, na Google zikakiondoa kiendelezi chake katika maduka yao mwaka huo huo wa 2019.

Je, mwenye ukurasa ana haki ya kukataa kuandikiwa? Wapo wanaosema kwa mkato kwamba ndiyo, na wapo wanaosema kwa mkato kwamba hapana, na nadhani wote wanaukwepa ugumu. Kwa upande mmoja, hakuna anayeweza kunikataza kulisoma gazeti kibarazani na kulijadili na majirani, hata mhariri akiwa amesimama hapo. Dokezo ni mjadala huo huo ulioandikwa. Kwa upande mwingine, kipaza sauti kilichofungwa dirishani kwa mtu ili kila apitaye asikie kejeli si tena barazani. Mizani yangu mimi ni nguvu za anayeandikiwa. Bunge, wizara, benki, gazeti kubwa na chama cha siasa hawana sababu ya kulindwa na pambizo. Mtu mmoja anayesimulia ugonjwa wake anayo. Kwa bahati mbaya mashine haiwezi kulipima hilo, kwa hiyo kazi inabaki kwa wasimamizi wa huduma na, kusema kweli, kwa malezi ya msomaji.

Jitihada iliyodumu zaidi ni ya Hypothesis, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Dan Whaley nchini Marekani kama shirika lisilo la faida. Msimbo wa programu yake uko wazi kwa wote, mtu binafsi huitumia bure, na imejikita sana katika vyuo na uchambuzi wa maandishi ya kitaalamu. Mradi wa Climate Feedback, ulioanza mwaka 2015, uliitumia kuwawezesha wanasayansi wa tabianchi kupitia habari za magazeti na kuandika, kando ya kila dai, kama lina msingi au halina. Kisha tarehe 23 Februari 2017 jumuiya ya W3C, inayoweka viwango vya wavuti, ilipitisha kanuni rasmi za madokezo. Kwa kanuni hizo dokezo lina mwili, yaani ulichosema, na shabaha, yaani ulichokisemea, na vyote viwili vinaandikwa kwa namna ambayo programu yoyote inaweza kuielewa. Lengo lilikuwa madokezo yavuke mipaka ya kampuni kama barua pepe inavyovuka kutoka Gmail kwenda Yahoo. Hilo bado halijafikiwa: dokezo la Diigo, programu nyingine ya aina hii, halionekani kwa mtumiaji wa Hypothesis, na kila kampuni imebaki na karatasi yake ya kunakilia.

Kuhusu usiri, imani potofu ni nyingi, na nyingine ni za hatari. Katika Hypothesis unachagua nani aone: wewe peke yako, kikundi chako, au walimwengu wote. Ukipaka rangi bila kuandika neno, rangi hiyo ni yako peke yako. Lakini "wewe peke yako" haina maana kwamba hakuna binadamu mwingine anayeweza kulifikia dokezo. Maana yake ni kwamba watumiaji wenzako hawaonyeshwi. Maandishi yako yapo katika seva ya watu, na msimamizi wake ana uwezo wa kiufundi wa kuyafungua, tofauti na ujumbe wa WhatsApp unaofungwa kwa ufunguo ulio kwa anayetuma na anayepokea tu. Usiandike pambizoni siri ambayo usingeiandika katika barua pepe. Na ukichagua hadharani, fahamu kwamba huduma hii huyatoa madokezo ya hadharani chini ya tamko la CC0, ambalo humruhusu yeyote kuyanakili na kuyatumia bila kukuomba wala kukutaja. Wengi hubofya bila kulisoma sharti hilo.

Sheria nayo haimwachi mtu kwa sababu ameandika pembeni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya ya mwaka 2018 inayohusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao, zinahusu maneno yanayochapishwa kwa mfumo wa kompyuta, nazo haziulizi kama yamechapishwa katikati ya ukurasa au ukingoni mwake. Mwalimu wangu hakuwa na kosa kwa kupaka rangi mswada, ila angekuwa na la kujibu kama angemzulia mtu jambo, sawa na popote pengine.

Linalostahili kukumbukwa kabla ya kumwaga miaka mitano ya usomaji wako katika huduma moja ni kwamba karatasi ya kunakilia inaweza kupotea huku ramani ikibaki. Delicious, iliyowazoesha watu kuhifadhi na kushirikiana alamisho tangu mwaka 2003, ilipita katika mikono ya Yahoo na wengine kabla ya kuishia kununuliwa na mshindani wake mdogo, Pinboard, mwaka 2017. Pocket, ambayo watu walihifadhi humo makala na kuziangazia, ilifungwa na Mozilla tarehe 8 Julai 2025. Kwa hiyo, swali la kwanza kuiuliza programu yoyote ya aina hii ni hili: madokezo yangu nitayatoaje? Ukikosa kitufe cha kuyapakua, tafuta programu nyingine.

Yule mwalimu, baada ya kutulia, aliamua kuwafungulia wanafunzi wake kikundi ili wausome mswada pamoja, na ndani ya siku mbili akanipigia tena: wengine wanaona, wengine hawaoni. Nilikuwa nikilitarajia swali hilo. Waliokuwa wakitumia Chrome ya simu hawakuweza kuweka kiendelezi, kwa sababu Chrome ya simu haivikubali. Hao tuliwapitisha katika anwani ya Via ya Hypothesis, inayouchukua waraka na kuuleta ukiwa umeshatandazwa madokezo, ingawa kwa baadhi ya tovuti hugoma. Wawili walikuwa wameandika hadharani badala ya katika kikundi. Mmoja alikuwa na nakala iliyochapishwa na kuskaniwa upya, ambayo kwa macho ni mswada ule ule lakini kwa kompyuta ni picha tupu isiyo na herufi za kushika. PDF hutambuliwa kwa alama inayobebwa ndani ya faili, mfano wa alama ya kidole, na ndiyo sababu nakala iliyopita katika WhatsApp bila kuguswa inaonyesha madokezo sawa na ile ya tovuti. Iliyoskaniwa ina kidole kingine kabisa. Angekuwa anasoma ukurasa wa kawaida badala ya PDF, ningemwambia pia aitazame anwani, kwa kuwa mitandao ya kijamii huongeza mkia mrefu wa ufuatiliaji mwishoni, na programu isiyo makini huidhani ni ya ukurasa mwingine.

Tarehe 19 Juni alinitumia kiungo. Dokezo lake la kwanza, lile la mkate, lilikuwa bado limeshika kifungu chake, na chini yake mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alikuwa amemjibu: "Mwalimu, kamati ilisema jana kwamba hiki kinatoka. Tukiache au tukifute?" Naye alikuwa ameandika: "Kiacheni. Andikeni tarehe."